Mche Mchanga na Mboga Iliyokomaa

Kiseyeye, ugonjwa utoao damu kwenye fizi na kulegeza meno, umewaangusha askari wengi katika historia bila risasi hata moja kufyatuliwa. Huwapata wale walao nafaka na kunde kavu kwa miezi, pasipo mboga wala matunda. Katika miaka ya 1980 uliwapata pia wakimbizi kambini, Somalia na Sudan, ambao posho yao ilikuwa chakula kikavu.

Mwaka 1918 daktari Mwingereza, Wiltshire, aliwapa askari wa Serbia waliougua kiseyeye maharage yaliyooteshwa. Nafuu yao haikupungua ile ya wenzao walionyweshwa maji ya limau. Punje kavu karibu haina vitamini C. Ikilowekwa na kuota, mmea huanza kuitengeneza.

Siku hizi wako wanaodai kwamba mmea mchanga huishinda mboga iliyokomaa kwa kila kitu. Dai hilo halina budi kupimwa. Kwa ukoo wa kabichi lina ukweli mkubwa. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza kwamba chipukizi za brokoli za siku 3, kwa uzito ule ule, zina kemikali za kuusaidia mwili kupambana na sumu mara 10 hadi 100 kuliko brokoli lililokomaa. Mbegu huja na akiba ya kemikali hizo, ambazo ni silaha yake dhidi ya wadudu. Mmea unapotanuka, akiba huzimuliwa. Gargir iuzwayo masokoni Juba ni ya ukoo huo.

Mchicha una habari nyingine. Vipimo vya kituo cha utafiti wa mboga kilichoko Taiwan, vilivyochapishwa mwaka 2015, vilionyesha vitamini C ikiongezeka kutoka chipukizi hadi mche, na kutoka mche hadi mmea uliokomaa. Tena mche hukatwa konzi moja tu, ilhali mafungu machache ya kudra au mchicha hutosha sufuria nzima. Familia ya askari pale Atlabara, yenye soko karibu, haina sababu ya kuacha kudra kwa ajili ya trei ya miche. Mwenye haja nayo ni kikosi kilichotengwa na mvua, barabara ikiwa haipitiki, na kilichobaki ghalani ni magunia ya choroko.

Lakini si kila mbegu ifaayo kuoteshwa. Mche wa mtama una sianidi, sumu iuayo hata ng'ombe. Usiliwe kama mboga. Chipukizi za maharage sharti zichemke kwa dakika 10 angalau. Choroko huhitaji moto mfupi, na mchuzi wake usimwagwe, kwa kuwa vitamini C huyeyuka majini. Kuchemsha huko kusidharauliwe: mwaka 2011, Ujerumani, chipukizi za uwatu zilizoliwa mbichi zilieneza bakteria walioua watu zaidi ya 50.