Taa Bapa za Dari na Kisanduku Kilicho Nyuma Yake

Taa bapa za LED, yaani zile zenye umbo la kisahani zinazochomoza chini ya dari kwa sentimita mbili au tatu tu, zimeenea sana katika nyumba za Marekani na Kanada kwa sababu zinaweza kufungwa juu ya kisanduku kilekile cha umeme kilichokuwa kikibeba taa ya balbu, bila dari kutobolewa upya. Urahisi huo huwafanya wanunuzi wengi waikague taa na kukisahau kisanduku, ilhali wembamba wa taa hizi umepatikana kwa kuzisukuma nyaya na viungio vyake vyote juu ya dari, katika nafasi ndogo iliyofungwa pande zote. Anayetaka kujua kwa nini taa ya aina hii hudumu miaka mingi katika nyumba moja na kuzimika mapema katika nyingine hana budi kuvitazama vitu hivyo viwili kama mtambo mmoja.

Chanzo cha mwanga katika taa hizi ni diodi, yaani kijipande cha nusukipitishi chenye tabaka mbili, ambamo elektroni zinapovuka mpaka wa tabaka hizo hupoteza nishati, na nishati hiyo hutoka ikiwa mwanga. Nick Holonyak, akiwa mtafiti wa kampuni ya General Electric, alionyesha diodi ya mwanga mwekundu mwaka 1962, lakini taa nyeupe ya nyumbani ilibidi isubiri diodi angavu ya buluu, ambayo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura waliifanikisha kwa kutumia galiamu nitraidi na kwayo wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Diodi hiyo ya buluu hupakwa fosfori, yaani unga unaomeza sehemu ya mwanga wa buluu na kuutoa tena ukiwa wa manjano, na mchanganyiko wa rangi hizo mbili ndio ambao jicho huuona kuwa mweupe.

Ubapa wenyewe unatokana na tabia ya mwanga ndani ya plastiki angavu. Katika taa nyingi za namna hii diodi hupangwa ukingoni zikielekea katikati, na mwanga wake huingia katika bamba la akriliki, ambamo kila mwale unaogonga uso wa bamba kwa mlazo mkubwa hurudishwa ndani badala ya kutoka hewani. Kwa akriliki, mwale unaoachana na mstari wima wa uso huo kwa zaidi ya nyuzi 42 hivi hauwezi kutoka, kwa hiyo husafiri kwa kudundadunda mpaka ukutane na vidoa vidogo vilivyochapwa mgongoni mwa bamba, ambavyo huutawanya na kuuelekeza chumbani. Vidoa hivyo hupangwa kwa uhaba karibu na ukingo na kwa wingi kadiri bamba linavyoelekea katikati, ili kisahani chote king'ae sawasawa.

Joto ndilo linaloleta ugumu. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi, lumeni ikiwa ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka katika taa, na LED hutoa kiasi hichohicho kwa wati kumi au pungufu. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya wati hizo chache bado huishia kuwa joto. Balbu iliweza kulirusha joto lake mbali kwa mionzi, kwa kuwa uzi wake uliwaka kwa nyuzi zaidi ya 2,000 za Selsiasi, lakini diodi haina uwezo huo, na joto lake sharti lipite kwa kugusana, kutoka kwenye kijipande hadi bamba la alumini la mgongoni na hatimaye hewani. Taa ikibanwa darini chini ya sufi ya kuhami joto, njia hiyo hubaki nyembamba, ndiyo maana ni muhimu kusoma kwenye lebo kama mtengenezaji ameiruhusu taa hiyo kugusana na sufi.

Kinachoumia kwanza mara nyingi si diodi bali draiva, yaani saketi inayobadili mkondo geu wa nyumbani kuwa mkondo mnyoofu uliodhibitiwa. Ndani ya draiva huwamo kapasita ya elektroliti, ambayo ina kimiminika kinachokauka polepole, na wahandisi hukadiria kwamba kila joto lake linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi umri wake hupungua kwa nusu. Kwa hiyo makadirio ya maelfu ya saa yanayochapwa kwenye boksi la dukani huwa na maana pale tu taa inapopata ubaridi ambao watengenezaji waliutarajia.

Kisanduku nacho kina hesabu yake. Kanuni za Taifa za Umeme za Marekani, ambazo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1897, hukipa kila kisanduku ujazo wake na kila waya sehemu yake ya ujazo huo, ili nyaya zisibanane hadi kuchubuana na kupashana joto. Kisanduku cha kawaida cha darini, chenye pembe nane, upana wa inchi 4 na kina cha inchi 1 na nusu, kina sentimita za ujazo 254, na kila waya wa kipimo cha 14, wenye unene wa milimita mraba 2 hivi, huhesabiwa sentimita 32.8. Kebo mbili zikiingia humo, moja ikileta umeme na nyingine ikiupeleka mbele, kuna nyaya nne za umeme, nyaya za ardhi zinazohesabiwa zote kama waya mmoja, na vibanio vya ndani vinavyohesabiwa pia kama waya mmoja, jumla sita, ambazo huchukua sentimita 196.8. Kebo ya tatu ikiongezwa jumla hufika nane, yaani sentimita 262.4, na kisanduku kinakuwa kimepita kiwango kabla taa yenyewe haijaletwa.

Fundi makini, baada ya kuzima saketi breka na kuhakikisha kwa testa kwamba umeme haupo, huanza kwa kuchunguza nyaya zilizomo. Nyumba nyingi za Marekani zilizojengwa kabla ya 1985 zina nyaya ambazo kihami chake, yaani ganda linaloufunika waya, kilikusudiwa kustahimili nyuzi 60 tu za Selsiasi, ilhali taa kadhaa za dari hudai nyaya za nyuzi 90. Juu ya taa iliyowaka kwa balbu kali miaka mingi, ganda hilo huwa limekakamaa, na likikunjwa hupasuka na kumeguka vipande vidogo mkononi mwa fundi, likiacha shaba wazi. Kuzisukuma nyaya za namna hiyo kisandukuni ili kisahani kilale bapa ni kuandaa shoti, na dawa yake ni kubadilisha nyaya kabla ya kufikiria taa.

Kanuni hizohizo hutaka kila waya ubakizwe angalau sentimita 15 za kufanyia kazi, na ukingo wa kisanduku uwe sawa na uso wa dari ikiwa dari ni ya mbao, au usizame zaidi ya milimita 6 ikiwa ni ya jasi, ili cheche isipate upenyo wa kufikia kitu kinachoshika moto. Yakishatimia hayo, kilichobaki ni kazi fupi: kikono cha chuma hufungwa kwa skurubu mbili, waya mweusi wa moto huunganishwa na mweusi, mweupe wa nyutro na mweupe, wa ardhi na wa ardhi, kisha kisahani hubanwa mahali pake.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaoletewa taa hizi na jamaa walioko Marekani wanapaswa kutazama jambo moja la ziada. Umeme wa nyumbani wa kule ni volti 120, na taa iliyoandikwa volti hizo peke yake, ikifungwa kwenye volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya, huenda ikaungua draiva papo hapo. Zaidi ya hayo, visanduku vya mviringo vilivyozoeleka Afrika Mashariki vina nafasi ya skurubu isiyolingana na kikono cha Kimarekani, na kulazimisha kikono kishike kwa skurubu moja huiacha taa ikining'inia kwa nyaya zake.

Mwanga bora wa taa bapa ni tunda la nusu karne na zaidi ya utafiti wa fizikia, na bei yake leo iko ndani ya uwezo wa familia nyingi. Tunda hilo halipaswi kuharibika kwa sababu ya dakika chache ambazo hazikutumiwa kupima kisanduku, kuhesabu nyaya na kusoma lebo. Na mwenye nyumba asiye na ujuzi huo atakuwa amefanya jambo la busara akimlipa fundi mwenye leseni aifanye kazi hiyo kwa niaba yake.