Bastola ikikosa shabaha, mtazame kwanza aliyeishika

WATU wazima wa Arua na Koboko hawahitaji kuelezwa bunduki ni kitu gani. West Nile imetoa askari tangu enzi za KAR, na Kiswahili cha masoko yetu kilipitia kwanza kambini. Baada ya 1979 maelfu walikimbilia Kongo na Sudan, na waliorejea walikuta silaha zimezagaa. Hata waasi wa UNRF II walitia saini mkataba na serikali huko Yumbe Desemba 24, 2002 tu.

Mfanyabiashara anayesafiri na fedha taslimu na kumiliki bastola kwa leseni, chini ya Sheria ya Silaha ya 1970, huwa na lalamiko moja: analenga hapa, risasi inakwenda pale. Husema mtutu umepinda. Mara nyingi mtutu hauna kosa.

Mtu wa mkono wa kulia ambaye risasi zake zinaangukia chini kushoto, karibu kila mara anauogopa mlio. Kabla bastola haijalia, mkono wote unakaza, kidole kinavuta kifyatulio kwa kishindo na pua ya bastola inainama. Mwenyewe haoni, kwa sababu mlio unafunika kila kitu. Wa mkono wa kushoto kosa lake huangukia chini kulia.

Kipimo chake ni rahisi, na kifanyike kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, mbele ya mwalimu. Mwalimu achanganye ndani ya magazini risasi bandia isiyo na baruti, bila mpigaji kujua iko wapi. Ikifika zamu yake hakuna mlio, na kila aliyesimama hapo ataona pua ikichota ardhi. Nadhani hakuna dawa ya majivuno iliyo bora kuliko hiyo.

Baada ya hapo, bastola iegemezwe kwenye mfuko wa mchanga, apige mtu mwingine mwenye uzoefu. Risasi zake zikikusanyika katikati, ugonjwa ni wa mwenye mali. Zikikusanyika pembeni mahali pamoja, hapo ndipo tuangalie vilengeo. Zikitawanyika ovyo, kuna kitu kimelegea, au mtutu umechakaa au kujaa uchafu.

Vilengeo vya bastola vimekaribiana, tuseme sentimita 15 tu. Cha mbele kikienda upande kwa milimita 1, risasi inakosa kwa karibu sentimita 7 kwenye mita 10, na karibu sentimita 17 kwenye mita 25. Katika soko lililojaa, sentimita 17 ni mama aliyekaa na mihogo yake. Kilengeo cha nyuma husogezwa upande unaotaka risasi iende, cha mbele kinyume chake.

Risasi nazo zina tabia zake. Yenye kichwa kizito, kwa umbali wa bastola, mara nyingi hugonga juu kidogo, kwa kuwa inakwenda polepole na kuondoka mtutu ukiwa umekwisha kuinuka. Aliyebadilisha aina ya risasi asishangae.

Kinachotisha ni tupa. Wapo wanaofikiri fundi wa baiskeli anaweza kukwangua kilengeo akamaliza kazi. Kilichokwanguliwa hakirudi, na mwenye silaha huwa amekabidhi bastola yake kwa mtu asiye na ruhusa ya kuishika. Ipelekwe kwa fundi wa silaha anayetambuliwa na polisi, ikiwa tupu, na karatasi zake.

Neno moja kwa wanaovuka mpaka. Leseni ya Uganda haivuki Vurra kuingia Kongo, wala Oraba kuingia Sudan Kusini. Uganda na Kongo zote zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 dhidi ya silaha haramu, na bastola iliyokutwa kwenye gunia la maharage haitaulizwa kama inapiga sawasawa.