Kabla ya Kumgusa Heroe wa Simbi

Kilomita chache kutoka mjini Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, liko ziwa dogo la volkeno liitwalo Simbi Nyaima. Waluo husimulia kwamba bibi kizee alinyimwa pa kujikinga mvua, kisha kijiji kizima kikazama. Wanasayansi wana simulizi yao. Ziwa halina mto unaotoka, kina chake hufika mita 23 hivi, maji yake ni ya magadi na yamejaa mwani wa spirulina. Mwani huo ndio chakula cha heroe wadogo, ndege ambao wengi wetu twawaita flamingo.

Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kuwa katika maji ya Simbi mna sumu zinazotengenezwa na sainobakteria. Sumu za jamii hiyo zimewahi kuhusishwa na vifo vya heroe kwenye maziwa ya Nakuru na Bogoria. Anayetaka kujua zaidi atalazimika kuchota maji, kumnasa ndege, pengine kumtoa damu. Hapo ndipo makaratasi yanapoanza.

Mlango wa kwanza ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Maombi hutumwa mtandaoni, na mgeni sharti awe na taasisi ya Kenya ya kumshika mkono. Lakini leseni ya NACOSTI peke yake haimruhusu mtu kutia mkono ziwani. Masharti yaliyochapishwa juu yake yanasema wazi kwamba kukusanya sampuli, kuchimba au kupiga filamu kunahitaji idhini nyingine za serikali. Kwa wanyamapori, idhini hiyo hupitia taasisi ya utafiti wa wanyamapori ya Naivasha, WRTI, huku shirika la wanyamapori, KWS, likibaki mwangalizi wa hifadhi zenyewe, Simbi ikiwamo. Kamati ya maadili nayo huuliza maswali yake: ndege atashikwa vipi, kwa muda gani, na akiumia je?

Mtafiti bado hajafika Kendu Bay. Leseni humtaka ajulishe kwanza kamishna wa kaunti, mkurugenzi wa elimu na gavana. Akitaka kusafirisha damu au manyoya hadi maabara ya ng'ambo, atahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa kuwa heroe wamo katika orodha yake ya pili. Akitafuta vijidudu vyenye faida ya kibiashara, kanuni za mamlaka ya mazingira, NEMA, za mwaka 2006 zinadai makubaliano ya kugawana mapato.

Kanuni hizo zina kisa nyuma yake. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Uingereza walichukua sampuli kutoka Ziwa Bogoria, na kimeng'enya kilichotokana na vijidudu vya huko kikaishia kwenye kiwanda cha kupausha nguo za jinzi. Mwaka 2004 KWS ilijitokeza kudai fungu la Kenya, na mzozo ukavuma duniani. Mwaka 2007 KWS ilitia saini makubaliano na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu vijidudu kutoka hifadhi za Kenya. Tofauti kati ya visa hivyo viwili ni karatasi.

Mbali huko Antaktika, ambako hakuna nchi inayotambuliwa na wote kuwa mwenye ardhi, anayetaka kumvisha pengwini pete huomba kibali kwa serikali ya kwao. Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991 inakataza kumkamata au kumsumbua mnyama wa huko bila ruhusa hiyo. Heroe wa Simbi wana wenyewe, tena zaidi ya mmoja. Wengi wao huzaliana Ziwa Natron, Tanzania. Mtafiti anayewafuata huko aanze upya kwa COSTECH, tume ya sayansi ya Tanzania, na TAWIRI, taasisi yake ya utafiti wa wanyamapori.

Je, huu ni usumbufu mtupu? Mwanafunzi wa uzamili anayehesabu miezi ya ufadhili wake atasema ndiyo, na ana haki ya kulalamika. Lakini aitazame hifadhi ya Ruma, bonde la Lambwe, katika kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay. Sensa ya taifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu korongo (swala wakubwa, si ndege) 15 tu nchini, na Ruma ndiyo makazi yao ya mwisho. Korongo mmoja akifa kwa dawa ya usingizi iliyopimwa vibaya, Kenya imepoteza mmoja kati ya kumi na watano. Kwa hesabu hiyo, swali moja la ziada kwenye fomu si kitu.

Udhaifu mkubwa uko mwishoni. Leseni humtaka mtafiti awasilishe ripoti yake kwa NACOSTI ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza. Hilo ni jema, ila mchungaji anayenywesha mifugo karibu na Simbi hasomi katika maktaba za Nairobi, na habari ya sumu majini inamhusu yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili na Dholuo, ukasomwa katika baraza la chifu, ungepaswa kuwa sharti la lazima.

Kwa sasa mwananchi ana zana moja mkononi. Kila leseni ya NACOSTI ina namba na msimbo wa QR unaosomeka kwa simu. Ukimkuta mtu anajaza chupa ukingoni mwa Simbi, msalimie, kisha mwombe akuonyeshe.