Cobra au Seven? Keti kwanza, ulipe baadaye

ANAYETAKA kujiundia nakala ya gari la kale lisilo na paa nchini Uingereza aghalabu hujikuta kati ya majina mawili: Lotus Seven ya mwaka 1957 na AC Cobra ya 1962.

Cobra huvutia macho, lakini injini yake ya silinda nane hudai fremu imara, breki kubwa na fedha nyingi.

Seven, yenye uzani wa takriban kilo 500, hutosheka na injini ndogo. Ila ni nyembamba mno. Mwenye miguu mirefu hujuta. Basi aketi ndani kwanza, viatu vikiwa miguuni, ndipo alipe.

Halafu kuna ukaguzi wa serikali, IVA: gari jipya la kujiundia lisipoupita halisajiliwi, hata liwe limemeza akiba ya miaka.