MAWE YALIYOZAMA MAJINI: MATEMBEZI YA FAMILIA MJINI JINJA

Mke wa askari hujua kufunga mizigo upesi. Amri ya uhamisho ikifika, magodoro hukunjwa, sufuria hutiwa katika gunia, na watoto huondolewa shuleni kabla hawajamzoea mwalimu wao. Leo Mbarara, kesho Gulu, mwakani Jinja. Hiyo ndiyo desturi ya kazi ya jeshi na ya polisi, na jamaa za askari wameizoea. Lakini iko hasara moja isiyoandikwa katika karatasi ya uhamisho. Mtoto hukaa miaka minne katika mji, kisha huondoka akiwa anaujua uwanja wa gwaride, duka la kambi na njia ya shule tu. Ukubwani akiulizwa alilelewa wapi, hutaja jina la mji ambao hana la kuusimulia.

Kwa familia zinazokaa Jinja hasara hiyo ni kubwa zaidi. Mji huo, ulio yapata kilomita 80 mashariki ya Kampala, huwavuta wageni kutoka pande zote za dunia, ambao hulipa nauli kubwa ili waone mahali maji ya Ziwa Victoria yanapotoka na kuwa mto Nile. Mtoto wa kambini anayekaa mwendo wa saa moja tu kwa miguu kutoka hapo huenda hajapelekwa hata mara moja. Si kwa sababu wazazi wake hawampendi. Ni kwa sababu kitu kilicho karibu hudhaniwa ya kuwa kitangoja siku zote.

Historia ya Jinja yenyewe inaonyesha ya kwamba vitu havingoji.

JINA LA MJI

Katika lugha za Kiganda na Kisoga, neno "ejjinja" maana yake ni jiwe au mwamba. Mji ulipewa jina hilo kwa sababu ya mawe yaliyokuwa yamejipanga mtoni, pale maji ya ziwa yalipoanguka na kuanza safari yake ya kaskazini. Wenyeji waliupa mto jina la Kiyira, na ziwa wakaliita Nalubaale. Watu wa ng'ambo mbili, Busoga upande wa mashariki na Buganda upande wa magharibi, walivuka hapo kwa mitumbwi, wakavua samaki na kunywesha ng'ombe wao, vizazi kwa vizazi, kabla ya ramani yoyote ya Ulaya kupaonyesha.

Tarehe 28 Julai 1862 alifika hapo Mwingereza John Hanning Speke. Aliyaona maji yakianguka kwa kimo cha kama mita tatu na nusu, upana wake ukiwa zaidi ya mita 120, yakikatwa katikati na miamba. Aliwaona samaki wengi wakiruka juu kuyapanda maporomoko, wavuvi wa Kisoga na wa Kiganda wakisimama juu ya mawe na ndoana zao, na viboko na mamba wakijilaza majini. Aliandika ya kwamba Waganda walipaita mahali hapo "Mawe". Hata hivyo yeye alipapa jina jingine, Ripon, kwa heshima ya bwana mmoja aliyekuwa rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Jina hilo likaingia katika vitabu vya shule, na kwa miaka mingi mwanafunzi aliyeulizwa ni nani aliyekiona kwanza chanzo cha Nile alitakiwa kujibu: Speke.

Mzazi anayempeleka mtoto wake ukingoni mwa mto anaweza kulinyosha jibu hilo bila kumtukana mtu. Speke alikuwa Mzungu wa kwanza kufika hapo na kuwaeleza Wazungu wenzake. Wavuvi aliowakuta juu ya mawe hawakuwa wamepotea. Walikuwa kazini kwao.

ASKARI KATIKA MSAFARA

Liko jambo jingine ambalo askari yeyote atapenda kulisikia. Speke hakufika peke yake. Msafara wake ulianza Unguja mwaka 1860, na lugha ya amri na ya mazungumzo ndani yake ilikuwa Kiswahili. Mmoja wa wakuu wa msafara alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani angali mtoto, akauzwa hadi India, akapata uhuru wake baada ya bwana wake kufa, akarudi Unguja. Speke alipoonana naye kwa mara ya kwanza mwaka 1857, Bombay alikuwa askari wa Sultani katika ngome ya Chogwe, karibu na Pangani. Baadaye alifuatana na Stanley katika safari ya kumtafuta Livingstone, kisha akavuka bara zima la Afrika pamoja na Cameron, kutoka pwani ya mashariki hadi pwani ya magharibi. Chama kile kile cha London kilimtunukia nishani ya fedha. Kwa hiyo Kiswahili kinachosemwa leo katika kambi za Uganda kilifika katika nchi hii zamani, kikiletwa na watu wa misafara, na askari walikuwamo.

MAPOROMOKO YALIYOKWISHA

Familia itakaposhuka hadi bustani ya chanzo cha Nile, iliyo upande wa mashariki wa mto, mtoto mwerevu atauliza swali moja: "Baba, maporomoko yenyewe yako wapi?"

Hayapo. Mwaka 1954 lilikamilishwa bwawa la umeme la Owen Falls, kilomita chache chini ya hapo, likafunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili ya mwaka huo. Maji yaliyozuiliwa na bwawa yakapanda, na yale Mawe yaliyoupa mji jina lake yakazama. Leo maji hupita juu yake kwa utulivu, na mgeni asiyeelezwa hawezi kujua kuwa hapo palikuwa na mngurumo uliosikika kutoka mbali.

Si busara kulilaumu bwawa. Kituo chake cha umeme, ambacho sasa kinaitwa Nalubaale, kina uwezo wa megawati 180, na kwa miaka mingi ndicho kilichowasha taa katika sehemu kubwa ya Uganda na kuendesha viwanda vya Jinja. Umeme ulikuwa na bei yake, na sehemu ya bei hiyo ni mandhari ambayo wajukuu hawataiona. Jambo hilo likarudiwa huko Bujagali, kilomita chache zaidi kuelekea kaskazini. Maporomoko ya hapo yalikuwa mahali patakatifu kwa Wasoga, makao ya roho ya Budhagali. Bwawa jipya lenye uwezo wa megawati 250 lilifunguliwa mwaka 2012, na maporomoko hayo nayo yakafunikwa na maji. Wako vijana waliokulia Jinja ambao wangeweza kuyaona Bujagali Jumapili yoyote, nao hawakwenda. Sasa hawana pa kwenda.

Hilo ndilo somo la matembezi haya. Mahali pakitoweka, kinachobaki ni maneno ya mtu aliyepaona au aliyesimuliwa na waliopaona. Ikiwa wazazi hawatasimulia, yatatoweka mara mbili.

MADARAJA MATATU

Kutoka mtoni, familia inaweza kuyatazama madaraja matatu yanayovuka Nile karibu karibu, na kila moja ni ukurasa wa historia. La kwanza ni daraja la reli la mwaka 1931, lililowezesha gari la moshi kutoka Mombasa kufika Kampala bila abiria kupanda meli. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1912, palikuwa na reli fupi iliyotoka Jinja hadi Namasagali, na pamba ya Busoga iliteremshwa kwa njia hiyo hadi ziwani, ikapakiwa melini kwenda Kisumu.

La pili ni njia iliyopita juu ya bwawa lenyewe. Kwa miaka zaidi ya 60 malori yote ya kutoka Kenya kwenda Kampala, Rwanda na Kongo yalipita juu ya ukuta huo. La tatu ni daraja la nyaya lililofunguliwa tarehe 17 Oktoba 2018, lenye urefu wa mita 525. Mtoto apewe nafasi ya kulinganisha chuma cha mwaka 1931 na nyaya za mwaka 2018. Atajifunza hesabu na ufundi bila kujua kuwa yuko darasani. Ila asisahauliwe wajibu wa ulinzi: bwawa na madaraja ni mali ya taifa inayolindwa, na picha zisipigwe pasipo ruhusa ya askari wa zamu.

Mjini, Barabara Kuu nayo yastahili kutembewa polepole. Maduka ya zamani yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi yana nakshi na miaka ya kujengwa iliyochongwa juu ya baraza zake. Wengi wa wenye maduka hayo walifukuzwa nchini mwaka 1972, na katika miaka ya 1990 baadhi yao walirudi. Kando ya mto iko pia sanamu ya Mahatma Gandhi, iliyozinduliwa mwaka 1997, kwa sababu sehemu ya majivu yake ilitupwa katika maji hayo mwaka 1948.

MAKABURI YA KEYA

Kabla ya kurudi nyumbani, iko ziara moja fupi ambayo familia ya askari haifai kuiacha. Jinja kuna makaburi ya askari waliofariki wakati wa Vita Kuu ya Pili, ya mwaka 1939 hadi 1945, yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Katika vita hivyo vijana wa Uganda waliingia Keya, na kikosi chao cha nne kilipelekwa hadi Burma, kikapigana mwaka 1944 katika matope na malaria ya bonde la Kabaw. Wengi walikuwa hawajawahi kuliona jangwa wala bahari kabla ya kuandikishwa.

Hapo watoto wavue kofia na wasome majina kwa sauti ya chini. Hakuna haja ya hotuba. Mtoto ambaye baba yake huvaa sare ataelewa.

MAANDALIZI

Matembezi haya hayahitaji fedha nyingi. Siku njema ni za kiangazi, yaani Desemba hadi Februari, au Juni na Julai, wakati njia hazina matope. Kuondoka kuwe asubuhi na mapema, kabla ya jua kuwa kali. Mama aweza kuandaa usiku wa kuamkia safari viazi vya kuchemsha, chapati, mayai na ndizi mbivu, pamoja na chupa ya chai na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Chakula cha nyama yenye mchuzi kisichukuliwe, maana huharibika upesi katika joto. Kila mtoto awe na kofia, na mdogo abebewe sweta kwa ajili ya upepo wa ziwani.

Maji ya mto yatazamwe tu. Mkondo ni wenye nguvu hata pale uso wake unapoonekana kimya, na katika maji ya kando ya ziwa kuna kichocho. Watoto wasioge wala kuchezea maji. Ikiwa familia itapanda mtumbwi wa kukodi, asiingie mtu yeyote bila kuvaa boya la kuokolea, awe mkubwa au mdogo, na mtumbwi uliojaa kupita kiasi uachwe uende zake. Tena hesabu ya watoto ifanywe kila wanapoondoka mahali, kama sajini anavyohesabu watu wake.

Jioni wakisharudi, baba au mama amwambie kila mtoto aandike mistari mitano katika daftari: jambo moja aliloliona, na jambo moja aliloambiwa ambalo halionekani tena. Daftari hilo lifungwe pamoja na vyeti vya shule na kadi za chanjo. Siku amri ya uhamisho itakapofika tena, vyombo vingine vitavunjika njiani na vingine vitaachwa kwa jirani. Daftari halitakuwa zito. Na huko waendako, iwe Moroto au Kabale, mtoto atakapoulizwa ametoka wapi, atajibu ya kwamba ametoka Jinja, mji wa Mawe, na ataweza kueleza mawe hayo yako wapi.