Bahari Ibadilikapo Rangi: Yampasayo Kuyajua Mlaji wa Bonde la Kilombero

Mlaji aishiye Ifakara, Mlimba au Malinyi aweza kujiuliza yanamhusu nini mambo ya bahari iliyo mamia ya kilomita kutoka nyumbani kwake. Yanamhusu kwa njia mbili. Dagaa na samaki wakavu wa baharini huuzwa katika masoko ya bara. Na maji yapitayo chini ya Daraja la Magufuli huungana na ya Mto Luwegu yakawa Mto Rufiji, ambao humwagika baharini mkabala na Kisiwa cha Mafia. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero.

Mwani ulimwao Zanzibar ni zao la biashara, wala si huo tunaouzungumzia. Hapa twasema juu ya mwani mdogo mno, uelezao majini, usioonekana kwa macho mmoja mmoja. Huo ndio chakula cha msingi cha viumbe wa baharini. Lakini maji yakiwa na joto, yakatulia, tena yakajaa naitrojeni na fosforasi, huzaliana kwa siku chache hata bahari ikageuka kijani, kahawia au nyekundu. Huo huitwa mlipuko wa mwani. Ukifa na kuoza humaliza oksijeni, samaki wakakosa pumzi. Na aina chache hutoa sumu kali. Mwanzoni mwa mwaka 2002 samaki wengi walikufa katika bahari ya Somalia na kaskazini mwa pwani ya Kenya, upande wa Kiunga, na mlipuko wa namna hiyo ndio uliotajwa kuwa chanzo.

Milipuko hufuatiliwa kutoka angani. Mwani una klorofili, ile rangi ya kijani iliyomo katika majani, ambayo hufyonza mwanga wa bluu. Hivyo setilaiti ikipima rangi ya bahari hukadiria wingi wa mwani. Aqua ya Marekani imefanya kazi hiyo tangu 2002, Sentinel-3 za Ulaya tangu 2016, na PACE, iliyorushwa Februari 2024, husaidia kutofautisha makundi ya mwani. Hata hivyo, mlangoni mwa mto mkubwa kama Rufiji tope huchanganya vipimo, na wakati wa masika mawingu huziba kabisa. Kubwa zaidi, setilaiti huona rangi, haioni sumu. Sumu huthibitishwa kwa kupima maabara sampuli za maji, samaki na chaza.

Mlaji naye hana macho ya maabara. Sumu hizi kwa kawaida hazina harufu wala ladha, na nyingi haziondoki kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha, kutia chumvi wala kugandisha. Kwa hiyo swali lenye manufaa sokoni ni hili: samaki huyu amevuliwa wapi? Usinunue samaki waliookotwa wakielea au ufukoni wamekufa, hata wakiuzwa kwa bei ya kutupa. Chaza na kome wahitaji hadhari zaidi, kwa kuwa huchuja maji na kukusanya sumu mwilini bila wao wenyewe kudhurika.

Nyama ya kasa isiliwe kabisa. Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila, na wengine 78 wakalazwa. Wataalamu huihusisha sumu hiyo na mwani aulao kasa.

Mwani wenye sumu hutokea pia katika maji baridi. Ukiona dimbwi, lambo au mfereji una utando wa kijani kama rangi iliyomwagwa, usichote maji hapo, wala usinyweshe mifugo. Tumezoea kuambiwa tuchemshe maji, na kwa kipindupindu ushauri huo ni sahihi. Lakini sumu ya mwani huu haiishi kwa kuchemshwa. Dawa ya klorini nayo yaweza kuua mwani huku ikiachia sumu yake ndani ya maji. Tafuta chanzo kingine.

Kwa wakulima wa mpunga, mbolea ya kukuzia ikitiwa siku mvua kubwa inapokaribia huchukuliwa na maji pamoja na fedha iliyoinunulia. Kuigawa kwa vipindi na kuacha ukanda wa nyasi kando ya mto hupunguza kinachofika majini. Hatusemi kwamba Kilombero ndiyo iliyozaa mlipuko fulani; lakini naitrojeni ipoteayo shambani hulisha mwani popote itakapotuama.

Aliyekula samaki kisha akahisi ganzi midomoni, kutapika au udhaifu wa viungo apelekwe hospitali mara moja, asisubiri kulala. Chukueni na mabaki ya chakula hicho yakiwa yamefungwa, pamoja na jina la soko na siku ya manunuzi, kisha mtoeni taarifa kwa ofisa afya wa kata ili wengine walionunua fungu hilohilo watafutwe.