Homa ya Mgongo Isiyouma Mgongo

Miongoni mwa istilahi ambazo Kiswahili kimezibuni kwa ustadi, nalienzi sana neno 'nyemelezi'. Magonjwa nyemelezi huuvizia mwili ambao kinga yake imedhoofika. Kinga ndiyo ipigayo kelele za uvimbe na shingo kukakamaa. Inyongeapo, adui huingia kimya. Ndiyo maana makohozi ya mwenye UKIMWI huweza kuonekana safi chini ya hadubini ilhali kifua kikuu kimo.

Hapo daktari hutegemea zaidi neno la mgonjwa, na hapo ndipo fani yangu inapokutana na uganga.

Mnamo mwaka 2016 mpwa wangu aliumwa na kichwa majuma matatu. Kila alipoulizwa zahanatini alijibu, "Nina homa." Kwetu neno hilo ni joto la mwili, ni malaria, ni mafua, ni unyonge tu. Akapewa dawa za malaria mara mbili. Hatimaye daktari mmoja alishuku homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu iitwayo kriptokoka, akaomba kuchota maji ya uti wa mgongo.

Dada yangu akakataa katakata. "Kaka, mwanangu anaumwa na kichwa. Mgongo wake wautakia nini?"

Sikuweza kumlaumu. Maradhi haya hushika utando unaofunika ubongo, nasi tumeyabandika jina la mgongo. Isitoshe, 'uti wa mgongo' ni pingili za mifupa na pia ni ugwe wa neva upitao ndani yake. Dada alisikia kwamba ugwe ungetobolewa, mwanawe apooze. Kumbe sindano hupenya kiunoni, chini ya mahali ugwe unapokoma, na maji yatokayo huifichua kuvu na papo hapo kupunguza shinikizo kichwani. Mimi, daktari wa lugha, nilihitaji siku mbili kulieleza hilo.

Siku ya tatu sindano ilichomwa. Kuvu ilikuwamo. Mpwa wangu yu hai, lakini macho yake hayaoni tena.

Siku hizi kipo kipimo cha damu kiinasacho kuvu hiyo hata kabla ya kichwa kuuma, na Shirika la Afya Duniani limekipendekeza kwa wenye seli za CD4 chini ya 100. Kipimo hicho kisipokuwapo, mhudumu aambiwaye "nina homa" na aulize: ni joto, au ni kichwa? Tangu lini?